Vyombo vya habari na mafuriko: mbona kamera hufika maji yakiwa yameshafika darini?

#1 Kalamu_Kavu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Chukua mafuriko yoyote makubwa ya miaka ya karibuni, popote duniani, uangalie yalivyoripotiwa. Siku ya kwanza ni picha za droni: mapaa, maji ya tope, mtu mmoja juu ya bati anapunga shati. Siku ya pili idadi ya maiti inapanda kila baada ya saa chache. Siku ya tatu kiongozi kavaa mabuti ya mpira, anaahidi. Baada ya wiki mbili kamera zimeshahama. Kimya, mpaka mvua nyingine.

Mimi nasema kazi kubwa ya mwandishi kwenye mafuriko ni ya kiangazi. Mto uko chini, watoto wanacheza mpira kwenye mkondo wake, na hakuna mhariri anayetaka kusikia neno mafuriko. Huo ndio wakati watu wanapewa vibali vya kujenga bondeni. Ndio wakati fedha za kuzibua mifereji zinahamishiwa kazi nyingine, na ripoti ya ufa kwenye bwawa inasainiwa na kufungiwa kabatini. Mvua inaponyesha, inakuta mambo yameshaamuliwa.

Angalieni Derna, Libya. Usiku wa kuamkia 11 Septemba 2023 dhoruba iliyopewa jina Daniel ilijaza mabwawa mawili yaliyokuwa juu ya mji. Yote mawili yakavunjika, maji yakapita katikati ya mji, yakabeba mitaa mizima hadi baharini. Walikufa maelfu. Mabwawa yale yalijengwa miaka ya 1970, na mwaka 2022 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Omar Al-Mukhtar alikuwa ameshachapisha makala akieleza kwamba bonde lile lina hatari kubwa ya mafuriko na mabwawa yanahitaji matengenezo ya haraka. Yaani onyo lilikuwepo, limeandikwa, lina tarehe. Lakini makala ya jarida la kitaalamu haitembei yenyewe mpaka kwa mama anayeishi ukingoni mwa korongo. Lazima mtu aibebe, aitafsiri kwa lugha ya watu, arudi tena mwezi ujao kuuliza imefikia wapi. Katika nchi iliyogawanyika kati ya serikali mbili, mtu wa kufanya kazi hiyo kwa uhuru alikuwa adimu.

Kwa anayeona ni mada ndogo: kati ya mwaka 2000 na 2019 mafuriko yalikuwa asilimia 44 ya majanga yote ya asili yaliyoorodheshwa duniani. Hakuna janga jingine lililoyakaribia isipokuwa dhoruba, ambazo nazo huleta maji. Na Tume ya Dunia ya Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi ilieleza mwaka 2019 kwamba onyo la saa 24 tu kabla ya dhoruba au joto kali linaweza kupunguza hasara kwa asilimia 30. Saa 24! Taarifa ya habari ya usiku mmoja na ya asubuhi yake.

Karibuni mchangie, hasa mliowahi kukaa chumba cha habari.

#2 Kiti_cha_Mbele

Nimeweka kambi. Ngoja waje wajuzi.

#3 Mchokonozi

Mleta uzi umetiririka vizuri, ila kuna mfano umeuruka na ndio unaokuumbua: New Orleans, Marekani.

Gazeti la mji ule, The Times-Picayune, Juni 2002 lilichapisha mfululizo wa makala za siku tano likieleza kwa ramani na michoro kitakachotokea kimbunga kikubwa kikipiga. Sehemu kubwa ya mji iko chini ya usawa wa bahari, matuta ya kuzuia maji hayatatosha, maji yataingia na kukwama ndani, na wasio na magari watabaki. Miaka mitatu baadaye, 29 Agosti 2005, Katrina huyo hapo. Karibu asilimia 80 ya mji ikawa chini ya maji na watu zaidi ya elfu moja wakafa.

Kiangazi chako kiliandikwa, tena kwa ufundi. Kikasaidia nini? Mwandishi hana tingatinga, hana bajeti, hana polisi. Tusiwavike wanahabari kanzu isiyowatosha.

#4 Kalamu_Kavu

Mchokonozi, hoja nzito hiyo. Ila itazame kwa karibu.

Watu zaidi ya milioni moja waliondoka eneo la New Orleans kabla kimbunga hakijafika. Waliobaki wengi walikuwa wazee, wagonjwa na wasio na usafiri, yaani walewale waliotajwa kwenye makala za 2002. Habari ilimfikia mwenye gari, akaondoka. Asiye na gari ilimfikia pia, lakini basi halikuja. Sasa hapo ndipo ninapomtaka mwandishi: mabasi yako wapi, madereva ni akina nani, yanaanzia kituo gani, nani anatoa amri yawashwe? Uliza mwaka huu, uliza mwaka ujao, chapisha jibu, chapisha na ukimya. Mfululizo mmoja, hata uwe mzuri namna gani, ofisi inaweza kuusubiri upite.

Halafu kuna yaliyofuata baada ya maji. Mwanzoni hadithi ilikuwa kwamba kimbunga kilizidi kinga, basi. Wachunguzi na waandishi wakachimba, ikaonekana kuta za mifereji ya 17th Street na London Avenue zilianguka hata kabla maji hayajafika juu yake. Mwaka 2006 Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani chenyewe kikakubali kwamba mfumo wake ulikuwa na kasoro. Ukiishia kwenye "ni mvua ya Mungu", unajenga ukuta uleule palepale. Mimi naihesabu hiyo kuwa kazi ya kupunguza maafa, ingawa ilifanyika maiti zikiwa zimeshazikwa.

#5 Sauti_ya_Usiku

Nimekaa redio miaka mingi, zamu za usiku hasa. Naongeza kitu ambacho mijadala hii hukisahau: saa.

Usiku wa 31 Januari kuamkia 1 Februari 1953 Bahari ya Kaskazini ilivunja matuta ya Uholanzi. Walikufa watu 1,836. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imeshatoa onyo la maji kupanda kwa hatari. Lakini ilikuwa Jumamosi, redio za wakati ule zilifunga matangazo usiku, watu wakaenda kulala. Maji yaliwakuta kitandani.

Utasema hayo ni ya kale. Haya, 14 Julai 2021, bonde la mto Ahr, Ujerumani. Mfumo wa Ulaya wa kutabiri mafuriko ulikuwa umetoa tahadhari siku kadhaa kabla. Nchi tajiri, mashirika ya utangazaji yenye pesa. Watu zaidi ya 180 walikufa Ujerumani katika mafuriko yale, wakiwemo 12 wa nyumba ya watu wenye ulemavu katika mji wa Sinzig. WDR, shirika la utangazaji la umma la jimbo jirani ambalo nalo lilipigwa, lililaumiwa waziwazi kwa matangazo yake ya usiku ule, na likakiri kuwa lilipaswa kuripoti kwa nguvu zaidi.

Na 4 Julai 2025, mto Guadalupe, Texas. Onyo la mafuriko ya ghafla kwa kaunti ya Kerr lilitoka saa saba na dakika 14 usiku. Wikiendi ya sikukuu, watu wamelala kwenye kambi kando ya mto. Mafuriko ya siku zile Texas yaliua zaidi ya watu 130.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye kituo chochote ni hili: saa nane usiku nani yupo studio? Vituo vingi usiku ni kompyuta inapiga muziki yenyewe, mlinzi kalala getini. Onyo likitoka saa hiyo linaingia kwenye barua pepe na kukaa mpaka mtangazaji wa asubuhi afike. Nani ana ufunguo? Nani anaruhusiwa kukata muziki bila kwanza kumtafuta meneja ambaye simu yake imezimwa? Kituo kisicho na jibu la maswali hayo kisijisifu kwamba kinatoa tahadhari.

Cha pili ni jinsi taarifa inavyosomwa. Ilikuwa inatufikia jioni, faili kwenye kundi la WhatsApp, imeandikwa takriban hivi:

*"Vipindi vya mvua kubwa inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24 vinatarajiwa katika baadhi ya maeneo. Uwezekano: wastani. Athari: wastani. Wananchi wanashauriwa kuchukua tahadhari."*

Mtangazaji mvivu anaisoma ilivyo, anarudisha wimbo. Msikilizaji kasikia namba. Sasa, milimita 50 ni lita 50 kwa kila mita moja ya mraba. Paa la mita za mraba 100 linamwaga lita 5,000. Chukua kila paa la mtaa ulio mlimani, maji yote hayo yashuke kwenye mfereji mmoja uliojaa taka, hapo mtu anaanza kuona picha. Na "chukua tahadhari" si maelekezo. Tahadhari gani? Anunue mwavuli?

Tulikuwa tunaiandika upya namna hii, baada ya kumpigia mtaalamu wa zamu na kumsomea kila neno ili tusitie chumvi:

*"Kama unakaa karibu na mto, korongo au mfereji, leo usilale hapo. Kabla giza halijaingia hamisha wazee, watoto na wagonjwa. Beba dawa na vitambulisho, chaji simu sasa umeme ungalipo. Ukikuta maji yamekata barabara, rudi ulikotoka. Tutarudi na taarifa nyingine saa tatu kamili, hata kama hakuna jipya."*

Sentensi ya mwisho ndiyo niliyoipigania kuliko zote. Msikilizaji asiyejua utarudi lini anakwenda kutafuta kwingine, na kwingine ndiko uzushi unakoishi.

Wajapani wamekwenda mbali zaidi. Baada ya tsunami ya 2011 NHK, shirika lao la utangazaji la umma, ilibadilisha hata sauti. Ule upole wa msoma habari uliachwa. Onyo kubwa likitoka mtangazaji anaamuru, anapaza sauti, watu wakimbie. 1 Januari 2024, tetemeko la Noto, dunia nzima ilisikia jinsi mtangazaji alivyokuwa akipiga kelele. Wapo waliomwona kazidisha. Mimi nilimpigia makofi.

#6 Mkazi_wa_Bondeni

Hiyo ya kompyuta kupiga muziki yenyewe usiku sikuwahi kuifikiria. Siku zote nilidhani kuna mtu pale.

#7 Mpima_Mto

Mimi si mwanahabari, kazi yangu ni vipimo vya mito. Sauti_ya_Usiku kanifurahisha na hesabu ya paa. Niongeze yale yanayotukera sisi watu wa maji tukisoma habari zenu.

Moja, mnaripoti mvua ya hapo mlipo. Mto haujali mvua ya hapo ulipo. Mvua inanyesha milimani leo, mji wa chini una jua kali, na kesho au keshokutwa maji yanafika huku watu wanafua nguo ukingoni. Mwandishi wa mji wa chini akiwa na namba ya simu ya mtu mmoja tu kwenye kituo cha kipimo cha juu, ana habari ya kesho mkononi. Bila namba hiyo ataandika msiba.

Mbili, sababu. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024 maji yalifagia makazi ya Mai Mahiu, Kenya, watu wengi wakafa. Vichwa vya habari vya asubuhi vilisema bwawa limepasuka. Baadaye wizara ya maji ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, ambapo njia ya maji ya chini ya tuta, yaani kalvati, ilizibwa na takataka na udongo, mpaka tuta likashindwa. Msomaji wa kawaida naona anasema, si yote ni maji tu? Hapana. Ukisema bwawa, kesho yake wakaguzi wote wanatumwa kwenye mabwawa. Makalvati ya reli na barabara, ambayo ni mengi mno na hayana mlinzi, yanabaki yameziba. Kichwa cha habari kinaelekeza tingatinga, Mchokonozi. Hata kama mwandishi hana lake.

Tatu, acheni kusimama ndani ya maji mkiwa hewani! Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kuibeba gari ndogo, 60 zinabeba hata magari makubwa ya watu binafsi. Marekani wameona kwamba zaidi ya nusu ya vifo vya mafuriko vinahusu magari, watu wanaojaribu kuvuka. Sasa mtazamaji anamwona mwandishi kasimama maji yamefika magotini, anatabasamu, nyuma yake daladala inapita. Maneno yanasema hatari, picha inasema inavukika. Watu huamini picha. Na hapo sijataja mashimo ya maji taka ambayo vifuniko vyake vimeshaondolewa na maji, wala nyaya za umeme.

#8 Mchokonozi

Kalvati nimekupa, Mpima_Mto. Hiyo imeingia.

Lakini kuna jambo hamjaligusa. Tahadhari zikitolewa kila wiki na mvua isije, watu wanachoka. Kesho kutwa onyo la kweli likitoka wanasema "wale wale". Mnataka kila mvua ipigiwe kelele za Wajapani?

#9 Sauti_ya_Usiku

Hapana. Kelele ni ya siku ya kelele, ndiyo maana zipo ngazi. Ukisoma onyo la njano kwa sauti ya onyo jekundu unakuwa umejichomea mwenyewe akiba yako.

Ila ninavyoona, kinachowachosha watu zaidi ni ukimya wa siku ya pili. Umesema jana mvua kubwa, haikuja. Asubuhi unafungua kipindi kama vile hukusema kitu. Hapo ndipo heshima inapotoka. Mlete mtaalamu hewani aseme: mawingu yalisogea, mvua yote ikamwagikia baharini, au ilinyesha bonde la pili na mto wao umejaa. Dakika tano tu. Msikilizaji akielewa kwamba utabiri ni uwezekano, na kwamba waliokosea wanakuja kujieleza mbele yake, mara ijayo atakusikiliza. Mtu anasamehe mvua isiyokuja, kupuuzwa hasamehi.

#10 Dada_Hakiki

Habari za humu ndani. Nafanya kazi ya kuhakiki taarifa, kwa hiyo naomba nizungumzie uzushi, maana mafuriko ni msimu wetu wa mavuno kwa bahati mbaya.

Valencia, Hispania, 29 Oktoba 2024. Baada ya maji kupungua zikaenea habari kwamba maegesho ya chini ya ardhi ya jengo la maduka la Bonaire, huko Aldaia, yamejaa mamia ya maiti. Mitandao ikawaka siku kadhaa. Wengine walitoa hata idadi. Maji yalipofyonzwa na waokoaji kuingia, hawakukuta maiti hata mmoja. Fikiria familia zilizokuwa zinatafuta ndugu zao siku zile zote, zinasoma hayo.

Katrina vilevile, na hapo wabaya walikuwa vyombo vikubwa vyenyewe. Habari za mauaji na ubakaji wa kila aina ndani ya uwanja wa Superdome, walikojihifadhi watu, zilirushwa dunia nzima, zikaja kuonekana nyingi zilikuwa za kutiwa chumvi au hazina ushahidi. Wakati zinarushwa, baadhi ya shughuli za uokoaji zilicheleweshwa kwa hofu ya usalama. Uzushi ule uliwagharimu watu waliokuwa juu ya mapaa. Sifa kwa The Times-Picayune, lilelile alilolitaja Mchokonozi, kwamba mwezi Septemba huohuo lilirudi kuzichambua habari hizo na kusema zipi hazikuwa kweli.

Na hata takwimu za nia njema. Mafuriko ya Pakistan ya 2022 yaliathiri watu wapatao milioni 33, zaidi ya 1,700 wakafa. Ikasemwa na kurudiwa kila mahali kwamba theluthi ya nchi iko chini ya maji. Picha za setilaiti zilionyesha ni karibu sehemu moja ya kumi. Sehemu moja ya kumi ya nchi kubwa kama ile ni balaa tosha, haikuhitaji kuongezewa.

Sasa turudi Valencia, maana pale kuna somo jingine ambalo Kalamu_Kavu atalipenda. Shirika la hali ya hewa la Hispania lilitoa onyo jekundu asubuhi. Chuo Kikuu cha Valencia kilikuwa kimeshasitisha masomo tangu siku iliyotangulia. Ujumbe wa tahadhari kwenye simu za wananchi ulitoka saa mbili na dakika 11 usiku, wakati sehemu nyingi watu walikuwa tayari ndani ya maji. Walikufa zaidi ya 220. Waandishi hawakukubali jibu la "mvua ilikuwa ya ajabu". Walipanga mchana ule dakika kwa dakika: nani alikuwa wapi, nani alimpigia nani, mkutano ulianza saa ngapi. Waliendelea mwaka mzima huku wananchi wakiandamana kila mwezi. Novemba 2025 rais wa jimbo, Carlos Mazón, akatangaza kujiuzulu. Sijui kama hilo litaokoa mtu mafuriko yajayo. Ila nadhani afisa atakayekuwa zamu siku hiyo hatakaa na kitufe mkononi mpaka usiku.

#11 Mkufunzi_J

Mada nzuri. Naona wote mnazungumza kana kwamba habari ikirushwa imefika. Niwapeleke Bangladesh.

Kimbunga cha Bhola, Novemba 1970, kiliua watu wasiopungua laki tatu, wengi kwa wimbi la bahari. Mwaka 1991 kingine kikaua wapatao 138,000. Mwaka 2007 Sidr, kimbunga kikali kweli, kikaua takriban 3,400. Bado ni wengi, lakini angalieni mteremko wa hizo namba. Hapo katikati walijenga majengo ya kujihifadhi, waliboresha utabiri, na walikuwa na kitu kilichoanzishwa mwaka 1972: mpango wa wananchi wa kujitolea chini ya Hilali Nyekundu na serikali. Leo ni zaidi ya watu 70,000. Wanasikia onyo kwa redio, wanapandisha bendera, wanazunguka na vipaza sauti vya mkononi na ving'ora vya kuzungusha kwa mkono, wanagonga mlango kwa mlango.

Mwaka 1991 onyo lilikuwepo hewani. Wanawake walikufa wengi kuliko wanaume kwa mbali. Sababu ni nyingi: kubaki na watoto, mavazi, kungoja ruhusa ya mume aliye mbali, kuona aibu kujazana na wanaume wageni kwenye jengo la kujihifadhi. Redio ya nyumba ilikuwa inasikilizwa na nani, na ikisema "ondokeni", nani ndani ya nyumba ana kauli ya kuondoka? Miaka ya baadaye wakaongeza wanawake wa kujitolea kwa wingi, ili anayegonga mlango awe mtu ambaye mama wa nyumba anaweza kumfungulia na kumsikiliza.

Kwa hiyo kituo cha redio kinachotaka kupunguza vifo kiwe na orodha ya watu wa kujitolea, wajumbe wa mitaa, maimamu, wachungaji, walimu wakuu. Kipige simu hizo kabla au mara tu baada ya kusoma onyo. Na kwa viziwi kuna maandishi kwenye skrini na mkalimani wa lugha ya alama. Mara ngapi mmemwona mkalimani usiku wa mafuriko?

#12 Mkazi_wa_Bondeni

Mimi nina swali dogo kwa wanahabari. Picha za mateso zina faida gani basi? Maana sisi tulio bondeni tunachoka kuonekana tukilia.

#13 Kalamu_Kavu

Swali lako si dogo. Picha zina nguvu, hilo hatuwezi kulikataa. Mafuriko ya Msumbiji ya mwaka 2000, yaliyoua takriban watu 700, dunia ilishtuka ilipoona watu wakinyanyuliwa na helikopta kutoka juu ya miti, na mama aliyejifungua juu ya mti. Misaada ikaja. Tatizo ni kwamba msaada unafuata kamera, na kamera inafuata barabara isiyokatika. Kijiji kilichozungukwa na maji pande zote, ambacho hakuna mwandishi aliyeweza kukifikia, kinakuwa kama hakikufuriwa.

Ningependa kamera irudi kwako Mkazi, miezi sita baada ya maji, usipokuwa unalia. Ikuulize ulihama kwenda wapi, kwa nini umerudi, shule ya mtoto ilifunguliwa, kisima kilitibiwa. Watu hawakai bondeni kwa ukaidi. Wanakaa kwa sababu kodi ni ndogo, kazi iko karibu, au shamba la mafuriko ndilo lenye rutuba. Mwandishi anayeandika "wakazi wakaidi wagoma kuhama" bila kutaja walitakiwa kuhamia wapi ameandika tangazo la ofisi ya serikali.

Nikirudi kwenye kiangazi changu: mimi ningeanza na karatasi tatu tu. Ramani ya maeneo yanayofurika, iwekwe juu ya orodha ya vibali vya ujenzi vilivyotolewa tangu mafuriko ya mwisho. Bajeti ya mifereji, ilivyopitishwa na ilivyotumika. Na ahadi zilizotolewa na yule wa mabuti ya mpira, na tarehe zake. Karatasi hizo hazina picha nzuri, mhariri atanuna. Lakini zikisomwa wiki tatu kabla ya msimu, kila mwaka, kwa sauti ileile ya kawaida, watu wa zabuni wanaanza kuangalia kalenda.

#14 Kiti_cha_Mbele

Nimesoma yote. Mpima_Mto, naomba unieleweshe kitu. Kila mafuriko makubwa yakitokea nasikia "haya ni mafuriko ya miaka 100". Ina maana tukishayapata tumemaliza, wajukuu ndio watayaona mengine? Kuna jirani amenunua kiwanja kwa hesabu hiyo.

#15 Mpima_Mto

Mwambie jirani asimamishe msingi kwanza.

Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa maji kufikia kiwango hicho au kukipita. Mwaka huu asilimia 1, mwaka ujao asilimia 1 tena. Mto haukumbuki kwamba ulifurika jana. Yanaweza kuja miaka miwili mfululizo. Ukikaa kwenye nyumba hiyo miaka 30, muda wa mkopo wa kawaida wa nyumba, uwezekano wa kuyapata angalau mara moja ni kama asilimia 26. Mtu mmoja kati ya wanne. Na hiyo ni kwa kutumia kumbukumbu za mvua za zamani. Huko mto unakotokea, juu kuliko kiwanja chake, wakishajenga na kuweka lami, au mvua zikibadilika na joto hili la dunia, kiwango kilichoitwa cha miaka 100 kinaweza kuwa cha miaka 40 bila mtu kutangaza.

Wanahabari mkiandika "uwezekano wa mmoja kati ya wanne kabla hujamaliza kulipa nyumba", nadhani jirani angeuliza maswali kabla ya kulipa. Kiwanja chenyewe kiko juu au chini ya alama ya maji ya mara ya mwisho? Aangalie kuta za nyumba za jirani, mara nyingi mstari wa tope bado unaonekana nyuma ya rangi mpya.